Sura ya Daraja

Mtu aliyekwisha kusoma kitabu mara mbili hashtuki mvushaji anapochomwa mkuki. Hilo ndilo lililomkaa Lenzi rohoni.

Walikuwa wanne nyuma ya duka la fundi viatu, jua la jioni linaingia kwenye kidirisha cha juu, na viatu vya watu vimepangwa rafuni vikisubiri wenyewe. Mama Bima ndiye aliyekuwa akisoma. Alipofika pale mvushaji anapoanguka ndani ya mtumbwi wake mwenyewe, fundi viatu aliinamisha kichwa, na Lenzi naye akainamisha chake, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye msiba. Fundi lifti peke yake alitoa macho. Mdomo ukabaki wazi, kikombe kikamwinamia mkononi, chai ikamdondokea gotini.

"Hii sehemu siikumbuki," alisema akijifuta. "Nilikuwa mdogo, labda nilisinzia."

"Hata chai imesahau kukaa kikombeni," akasema Mama Bima, akaendelea kusoma.

Fundi viatu alicheka mpaka akakohoa. Lenzi hakucheka. Alimtazama yule kijana kwa jicho la pembeni, jicho lilelile analolitumia kazini. Jina la Lenzi alipewa na fundi viatu kwa sababu ya kazi yake: alikaa chumba cha nyuma katika duka la miwani, akisaga vioo na kuvikata vienee kwenye fremu, na kutwa nzima alitafuta mikwaruzo ambayo watu wengine hawaioni. Maneno yake yalikuwa haba. Mikwaruzo aliyoiona ilikuwa mingi.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Ngome ya Chumvi*, juzuu sita, kila moja nene kama tofali. Hakichapwi tena. Seti nzima waliyokuwa nayo ilikuwa ya fundi viatu, migongo yake imegandishwa kwa gundi ya soli, na ndiyo maana walikutana mara moja kwa wiki na kusomeana kwa sauti, upya, tangu ukurasa wa kwanza. Zamu zilifuata viti: anayeanza ni wa karibu na mlango, kisha wa kulia kwake, mpaka wazunguke. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, haingii ila aliyekwisha kukisoma. "Hapa hatufundishi watu kuogelea," fundi viatu alipenda kusema. La pili, ingawa wote wanaujua mwisho, hakuna kutaja la mbele. Atakayetaja ametangulia, na aliyetangulia huosha vikombe.

Fundi lifti aliletwa na dada yake Lenzi. Siku hiyo fundi viatu alimsimamisha mlangoni na nyundo mkononi. "Umekisoma?"

"Nimekimaliza mara mbili, mzee wangu. Utotoni."

"Mbuzi wa Mbeba Taa ana kasoro gani?"

"Sikio la kushoto limepasuka. Na hapendi chumvi, ndiyo maana hakulamba ukuta wa ngome."

Fundi viatu akaweka nyundo chini, akamvutia stuli. Mbeba Taa ndiye mwanamke anayetangulia mbele ya jeshi lote na taa yake ya mafuta, mbuzi akimfuata, na hakuna msomaji wa *Ngome ya Chumvi* asiyempenda. Anayemjua mbuzi wake ni wa nyumbani. Lenzi naye aliridhika, siku hiyo.

Lakini baada ya mvushaji wakaja mapacha wa kisimani, ambao mmoja wao huzama. Fundi lifti akasema tena, "Hii siikumbuki." Akaja mfua chuma aliyekufa kwa homa mwishoni mwa juzuu ya pili. "Kumbe!" akasema fundi lifti, na lile "kumbe" likamchoma Lenzi kama kibanzi cha kioo. Mtu huyohuyo alikumbuka rangi ya kamba iliyofungia mtumbwi, alikumbuka wimbo wa wapishi neno kwa neno, ila watu wakifa mbele yake anakuwa mgeni. Lenzi alijipigia hesabu yake. Siku hizi kila kitu kina muhtasari kwenye simu. Mtu anaweza kuokota mbuzi, kamba na wimbo wa wapishi kwa dakika tano akiwa juu ya lifti, akaja kukaa kwenye stuli na kujiita mshabiki.

Kwa nini ahangaike hivyo? Hapo ndipo palipomtia baridi. Anayemtaka dada huanza kwa mdogo wake.

Dada yake alikuwa akipokea simu za dharura katika kituo cha magari ya wagonjwa. Aliishi kwa masikio. Mtu akipiga simu akilia, dada alijua kabla ya sentensi kwisha kama ni chungu kimeungua au ni mtu amezimia. Wazazi wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, na wawili hao walikuwa wamebaki na chumba kimoja na sebule, na kila mmoja alikuwa ndiye ukoo mzima wa mwenzake. Sasa fundi lifti alikuwa amepata kazi ya usimamizi katika mji mwingine, mbali, na alitaka kuoa na kuondoka na mke. Dada alitakiwa aache kazi, aache nyumba, amwache na mdogo wake. Jibu lilisubiriwa kabla ya mwezi kuandama.

"Mdogo wangu," dada alimwambia huku akivua viatu vya kazini, "mimi kwa huyu masikio yangu yameziba. Akiniambia mvua inanyesha chini kwenda juu, nitafungua mwavuli na kuugeuza. Wewe ndiye unakaa naye kila wiki. Nitazamie."

"Nitazame nini?"

"Kama ni mwongo. Maskini nitaishi naye, mkoromaji nitaishi naye. Mwongo siwezi. Kutwa nzima watu wananiambia 'si kitu kikubwa, dada' na mtu anakufa sakafuni."

Basi Lenzi akatazama. Na kwa kuwa kutazama tu hakukumtosha, aliweka mtego. Jioni moja, wengine wakiwa bado wanatafuta sukari, alimsogelea na kusema kwa sauti yake ndogo, "Shemeji, unakumbuka Mbeba Taa alivyocheza ngoma na mfalme, kule kwenye karamu ya visima?"

Karamu hiyo haimo. Aliitunga mwenyewe akiwa anasaga kioo.

Fundi lifti alikunja uso. "Hapana. Haipo hiyo. Mbeba Taa hawezi kucheza, goti lake bovu." Halafu akatabasamu, akamwinamia kama mtu anayetoa siri. "Ila nikutangulie kidogo, vikombe nitaosha. Mimi naipenda ile ya mwishoni kabisa, anapofungua duka la taa pale sokoni. Mbuzi amelala mlangoni, wateja wanamruka. Ile sehemu, shemeji, hata leo nikiikumbuka moyo unatulia."

 Duka la taa halimo. Haliwezi kuwemo. Mbeba Taa hafiki mwisho. Anakufa katika juzuu ya tatu, kwenye daraja la kamba, na kila aliyewahi kusoma sura ile anaikumbuka kama anavyokumbuka mahali alipokuwa aliposikia habari mbaya. Mtu huyu hakutazama hata muhtasari vizuri. Anatunga, tena anatunga kwa macho makavu, na mkono juu ya moyo!

Njia ya mwongo ni fupi, na Lenzi aliamua kuifupisha zaidi. Juma lililofuata alihama kutoka stuli yake ya kawaida, akaenda kukaa karibu na mashine ya kung'arishia, ili mzunguko usogee kwa mtu mmoja.

"Leo umehama?" aliuliza Mama Bima, ambaye kazi yake ya kuuza bima ilimfanya ashuku hata mwavuli. "Kule kuna nini?"

"Kuna upepo," alisema Lenzi.

Hakukuwa na upepo. Kulikuwa na hesabu: wiki mbili mbele, sura ya daraja ingemwangukia fundi lifti. Mwenye kuijua huisoma akijikaza tangu mbali, kama mtu anayejua ngazi iliyovunjika iko wapi. Asiyeijua atapita mbio na kutumbukia. Na Lenzi angempa dada yake jibu.

Kabla ya siku hiyo ikaja Jumapili ya kwenda kumsalimia baba yake fundi lifti. Lenzi alikuwa na juzuu ya tatu mkobani, kwa maana fundi viatu alimpa aunganishe kurasa zilizoachia. Baba mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mstaafu wa idara ya maji. Maisha yake yote alikuwa msoma mita, akipita nyumba kwa nyumba akichungulia visahani vya namba, na hata sasa alizungumza kama anayeogopa kuzidisha.

"Karibuni. Chai ipo. Sukari ni kidogo, sisemi nyingi."

Walipokwisha kula, dada na fundi lifti walikwenda jikoni kuosha vyombo. Lenzi alibaki sebuleni na aibu zake, akaushika mkoba kama ngao. Pembe ya kitabu ikachomoza. Mzee akaiona.

"Hebu," alisema, akanyoosha mkono. "Hiyo si *Ngome*?"

"Ndiyo, baba."

"Yetu iliharibika na maji bomba lilipopasuka. Nyumba ya msoma mita, fikiria." Akakipokea, akakipima uzito kwa viganja viwili. "Mimi ndiye niliyemsomea huyu bwana. Zote sita, kisha zote sita tena."

Kutoka jikoni fundi lifti akaita, "Baba, wasomee ile ya daraja!"

Lenzi akasogea kwenye kochi mpaka bega lake likakaribia la mzee. Alisema moyoni, sasa. Mzee alifungua ukurasa wenyewe bila kutafuta. Lenzi akamchunguza miwani kwanza, kwa mazoea: vioo safi, nguvu sawasawa, vimekaa vizuri puani. Macho hayakuwa na tatizo. Mzee akaanza kusoma, kwa sauti tulivu yenye kupanda na kushuka, na Lenzi akafuata mistari kwa macho. Jeshi likavuka. Mbuzi akavuka. Adui wakaonekana nyuma. Mpaka hapo kila neno lilikuwa mahali pake.

Ukurasa ukasema: *Mbeba Taa akaikata kamba ya mwisho akiwa upande usio wake. Waliovuka waliiona taa ikishuka, ndogo, kisha ndogo zaidi, kisha hapakuwa na taa.*

Mzee, macho yake palepale kwenye mstari, akasoma: "Mbeba Taa akaikata kamba ya mwisho, akaruka. Akaangukia upande wa wenzake, magoti yamechubuka, taa haikuzimika. Akatazama huku na huku, akauliza…"

"'Mbuzi wangu yuko wapi?'" wakamalizia pamoja, mzee kochini na mwanawe jikoni, kwa lafudhi moja, kama watu walioimba pamoja miaka. Jikoni sahani iligongana na sahani, na dada akacheka.

Mzee hakusita. Akafunua ukurasa unaofuata, ule wa maombolezo, na kutoka kwenye ukurasa huo akasoma jinsi mbuzi alivyopatikana akitafuna kofia ya jemadari. Kidole chake kilipita chini ya maneno ya msiba, neno kwa neno, kana kwamba ndiyo anayoyasoma. Lenzi alimwona mvushaji, pacha wa kisimani na mfua chuma, wote wakipita mbele yake wazima. Hakuwa mgeni kwa kila kitu yule kijana. Alikuwa mgeni kwa vifo tu. Naye Lenzi, mwenye kazi ya kuona, hakuwa ameliona hilo.

Mzee alinyanyua macho. "Unafuatilia, binti?"

"Ninafuatilia, baba."

"Umekwisha kukisoma."

"Nimekisoma."

Mzee akafunga kitabu taratibu, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Mama yake alikuwa wodini mwaka ule. Jioni tukirudi kutoka kumtazama, namsomea apate usingizi. Tulipofika kwa mvushaji akaniuliza, 'Baba, huyu naye atakufa?' *Naye*, binti. Ulimi ukagoma. Nikasema nitamruka huyu mmoja tu. Lakini ukishamruka mmoja, sura ya pili inakudai."

"Na mama?"

"Alifariki tukiwa juzuu ya tatu. Ungekuwa wewe ungesoma nini?"

Lenzi alikitazama kitabu magotini mwa mzee.

"Nimesoma mita za mji mzima, sikuongeza tone," alisema mzee. "Uongo wangu wote nimeumaliza humu."

Njiani kurudi, fundi lifti alipokwisha kuwaaga kwenye kona, dada alimshika Lenzi mkono. "Haya, sema. Ni mwongo?"

"Si yeye," alisema Lenzi. "Ni baba yake." Akamweleza yote, maneno yakimtoka kwa wingi kuliko ya mwezi mzima. Alidhani dada atalia. Dada hakulia. Alitembea, viatu vyake vikigonga lami, kisha akasimama.

"Ni mapenzi, sikatai," alisema. "Lakini mtu aliyelelewa hivyo atanilea vipi? Siku daktari akiniambia habari mbaya, yeye atanisomea duka la taa? Mimi kazini nikiulizwa kama mtu bado anapumua, siwezi kujibu kwamba mbuzi amepatikana." Akavuta pumzi. "Mtazame tena. Na safari hii nitakuja kutazama mwenyewe."

Hivyo shaka haikwisha. Ilihama tu kiti, kama alivyohama Lenzi.

Siku ya daraja ilipofika, Lenzi alitangulia dukani. Mtego wake aliouweka kwa fahari sasa ulimnasa mwenyewe: kumwacha mtu atumbukie mbele za watu, na aliyemficha shimo alikuwa baba yake! Dada alikuja, akakaa juu ya kreti la gundi, na fundi viatu akamruhusu kwa sharti kwamba asiseme kitu, kwa kuwa hajakisoma. Mama Bima alimtazama kama ombi la fidia lisilo na stakabadhi.

Fundi lifti alipoingia, Lenzi alimwendea mlangoni na juzuu ya tatu. 

"Shemeji. Sura ya leo, isome kwanza peke yako. Nje, pale kizingitini."

"Huko ni kutangulia," akasema Mama Bima.

"Vikombe nitaosha mimi," Lenzi akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake. 

Fundi lifti alimtazama usoni, kisha akakitazama kitabu. Akatoka. Kupitia kioo cha mlango waliuona mgongo wake, shati la kazi lenye alama ya grisi begani. Waliona kichwa kikiinama. Waliona kikiinuka, kikatazama barabara muda, kikainama tena. Kwa muda mrefu hakufunua ukurasa. Fundi viatu alishika kiatu kisichokuwa na haja ya kupigiliwa, akakipigilia. Dada hakupepesa macho.

Lenzi alijiambia: sasa ataondoka. Au atarudi acheke, aseme anaikumbuka, alikuwa anatutania. Hilo la pili ndilo aliloliogopa zaidi, kwa ajili ya dada yake.

Mlango ukafunguliwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipita katikati yao, akakaa kwenye stuli yake.

"Sijawahi kukisoma kitabu hiki," alisema. "Nilidhani nimekisoma. Nilisomewa kingine. Mzee, kama sharti ni sharti, nitatoka."

Fundi viatu alimtazama Mama Bima. Mama Bima alitazama dari. "Ameshaingia majini," akasema hatimaye. "Atolewe vipi akiwa katikati?"

"Basi zamu ni yangu," alisema fundi lifti, akafungua ukurasa.

Alisoma polepole. Jeshi likavuka, mbuzi akavuka. Dada alikuwa amefumba macho, kama anavyofanya akiwa na simu sikioni. Fundi lifti alipofika kwenye kamba ya mwisho sauti yake ilikwama, na kwa kitambo Lenzi alisikia, kama dada na kijana mwenyewe walivyosikia, mahali ambapo mwanamke angeweza kuruka. Njia ilikuwapo. Kijana alikuwa ameipita utotoni mara mbili.

"'…akiwa upande usio wake,'" akasoma. "'Waliovuka waliiona taa ikishuka, ndogo, kisha ndogo zaidi.'" Akafuata mstari kwa kidole. "'Kisha hapakuwa na taa.'"

Hakuongeza. Hakupunguza. Akasoma na ukurasa wa maombolezo wote, akaweka kitabu gotini.

 Barabarani gari lilipiga honi likapita.

Dada alifumbua macho. "Na mbuzi je?" akauliza. "Mbuzi anabaki na nani?"

"Wee!" Mama Bima alimnyooshea kidole. "Hiyo ni ya juzuu ya nne! Kuuliza la mbele ni kutangulia vilevile!"

Dada aliinuka juu ya kreti, akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, na alipofika kwa fundi lifti akasimama mbele yake na mkono umenyooka.

"Huko unakohamia," alimwambia, "watu wanapiga simu za dharura?"

Fundi lifti alichelewa kuelewa. Kisha akampa kikombe, na akainuka kumfuata kwenye sinki.

Lenzi alibaki kwenye stuli karibu na mashine, pasipokuwa na upepo. Alikuwa amelipata jibu alilotumwa kulitafuta, na ndilo litakalomwachia chumba kimoja na sebule peke yake. Akakichukua kitabu pale kilipoachwa, akakuta kurasa mbili za daraja zimelowa pembeni. Akazipulizia, taratibu, kama anavyopulizia kioo kabla ya kukitia kwenye fremu.